Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Aliyepona Huulizwa

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu aliyelala hoi hangojwi mpaka atamke haja yake. Aliye karibu naye hukoroga, akapoza, akamnywesha. Methali hiyo imewalea wagonjwa wengi. Hata hivyo, uko ugonjwa mmoja ambao mtu akisha kuuponea chupuchupu, methali hiyo humdhuru badala ya kumfaa. Nao ni ugonjwa wa moyo kusimama ghafla. Aliyerudi kutoka katika janga hilo huwakuta nyumbani watu wenye mapenzi mengi, na kila mmoja ana bakuli lake la uji mkononi. Aghalabu hakuna amwulizaye kama anautaka.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyumba za askari wa jeshi na wa polisi. Katika nyumba hizo moyo wa mtu mmoja hubeba mengi: cheo, mshahara, na hata paa ambalo watoto hulala chini yake.

Moyo kusimama ni nini?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Shambulio la moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu katika nyama ya moyo unapozibika. Mgonjwa huyo kwa kawaida ana fahamu zake. Hushika kifua, hutoka jasho, na aweza kusema. Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapo umeme mdogo wa asili unaoongoza mapigo huvurugika. Moyo hutetemeka kama jani pasipo kusukuma damu, au hutulia kabisa. Mtu huanguka, haitiki akiitwa, wala hapumui sawasawa.

Shambulio la moyo laweza kuusimamisha moyo, lakini si sababu pekee. Wako watu ambao utotoni waliugua homa ya baridi yabisi, iliyoanza kwa maumivu ya koo yaliyopuuzwa, ikaacha vilango vya moyo vimeharibika. Wako wenye shinikizo la damu la siku nyingi. Wako pia waliozaliwa na hitilafu isiyoonekana mpaka siku ya kuanguka.

Ubongo hauvumilii kukosa damu. Baada ya dakika nne hadi sita huanza kudhurika. Ndiyo maana mbinu ya kukandamiza kifua kwa mikono, iliyotangazwa mwaka 1960 na wataalamu wa Baltimore, Marekani, imeokoa watu wengi duniani. Lakini hata katika nchi tajiri, zenye magari ya wagonjwa ya kutosha, katika kila watu kumi wanaosimamiwa na moyo nje ya hospitali, aghalabu ni mmoja tu hivi ambaye hurudi nyumbani. Basi aliyerudi ni mtu adimu. Jamaa na jirani hawajui wamtendee nini, kwa kuwa hawajapata kumwona mwingine.

Koplo wa Jinja, ukoo wa Mbale

Achukuliwe, kwa mfano tu wala si kwa kumtaja mtu fulani, koplo mwenye miaka 43, mzaliwa wa Mbale chini ya mlima Wanale, ambaye kazi yake iko Jinja. Anaishi na mkewe na watoto wanne katika nyumba za askari. Asubuhi moja anaanguka karibu na bomba la maji. Muuguzi jirani anamkandamiza kifua mpaka gari linapatikana. Hospitalini moyo unashtuliwa kwa umeme, nao unarudi. Baada ya majuma kadhaa, na baada ya kupimwa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hapo ndipo mabakuli ya uji yanapoanza kumiminika. Mkewe hamruhusu hata kunyanyua birika. Usiku mama huyo huamka mara tatu, akaweka mkono juu ya kifua cha mumewe ili kusikia kama bado panadunda. Wazee wa ukoo wanatuma ujumbe kutoka Mbale kwamba aletwe nyumbani mara moja, kwani Jinja ndiko alikoangukia. Wenzake wanamwita Lazaro kwa utani, na jirani wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Watoto wamekatazwa kucheza kwa sauti, hata nyumba imekuwa kama ya matanga ilhali hakuna aliyekufa. Naye koplo mwenyewe ana hofu moja asiyoitamka: kwamba siku moja ataambiwa kazi imekwisha, arudishe sare na ufunguo wa nyumba.

Hao wote wana nia njema. Kosa lao ni moja tu, kwamba kila mmoja ameamua kwa niaba yake.

Mwili umerudi, akili inafuata nyuma

Yafaa jamaa waelewe mambo ambayo hayaonekani kwa macho. Kifua huuma kwa majuma mengi, kwa sababu anayekandamizwa ipasavyo huenda akavunjika mbavu. Maumivu hayo ni ya mifupa, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Lakini maumivu mapya ya kubana, au ya kusambaa mkononi na taya, yapelekwe hospitali bila kungoja.

Jambo la pili ni uchovu. Aliyerudi aweza kuoga na kunywa chai, kisha akahitaji kulala tena. Huo si uvivu. Jambo la tatu ni usahaulifu. Mara nyingi hakumbuki siku ile wala siku zilizoitangulia, na mambo mapya hayashikiki upesi. Askari aliyekuwa akitaja nambari ya bunduki yake hata akiamshwa usiku wa manane, sasa hajui kama kidonge cha asubuhi amekwisha kukimeza. Asichekwe, wala asikemewe. Kalenda itundikwe ukutani na penseli ifungwe kwa uzi kando yake. Kila kidonge kimezwapo, alama itiwe. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, na redio ipunguzwe sauti watu wanapozungumza naye.

Jambo la nne ni hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Moyo ukienda mbio kidogo kwa kupanda kilima, mtu huyo hudhani siku ile imerudi. Wengine huogopa kulala. Wengine, waliokuwa wapole, huwa wakali au hulia bila sababu ya wazi. Hali hizo hufuata mara nyingi baada ya moyo kusimama, nazo zina tiba. Huzuni ikizidi majuma mawili, au mtu akisema kwamba afadhali asingerudi, daktari aambiwe kama anavyoambiwa habari za homa.

Hapa pana jambo linalosahauliwa. Mume hakuiona siku ile. Mkewe ndiye aliyeiona. Katika nyumba hiyo, mwenye kumbukumbu ya kifo si yule aliyekaribia kufa, bali ni mama anayechemsha maji jikoni. Yeye ndiye anayeota ndoto mbaya, na kumlinda mumewe kupita kiasi ni njia yake ya kuituliza hofu. Kwa hiyo naye aulizwe hali. Dada au jirani akae na mgonjwa nusu siku, mama huyo apate kwenda sokoni, kanisani au msikitini, au alale tu. Watoto nao waelezwe kwa maneno mepesi kwamba baba aliugua moyo, wala hakuanguka kwa sababu ya kelele zao.

Maswali yanayofaa kuulizwa

Mke mwenye busara hasemi, "Keti, usifanye lolote." Husema, "Baba watoto, leo wajisikia kufanya kazi gani?" Kisha hungoja jibu. Daktari huweka mipaka, na ndani ya mipaka hiyo aliyepona huchagua mwenyewe. Leo huenda akachagua kuchambua maharagwe, kesho kusaidia hesabu za mtoto wa darasa la tano, keshokutwa kutembea mpaka kwenye lango na kurudi.

Kutembea ni dawa kubwa, ila iwe kwa kipimo. Daktari akiisha kuruhusu, mtu aanze kwa dakika tano au kumi mahali tambarare, akiongeza kidogo kila juma. Barabara pana za Jinja zenye miti zinafaa sana asubuhi kabla ya jua kali. Kipimo chepesi ni hiki: atembee kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza, lakini si kuimba. Akiona kizunguzungu, kifua kubana au pumzi kukatika, asimame na kuketi, na daktari apewe habari.

Chakula nacho kina maswali yake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya kopo. Mtu wa Mbale hatasahau malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Haina haja ya kumnyima. Shida iko katika magadi na chumvi vinavyotiwa chunguni. Malewa yachemshwe kwa maji matupu, maji hayo yamwagwe, kisha yaungwe kwa karanga, nyanya na kitunguu. Kwa wakazi wa Jinja, sato na sangara wabichi ni bora kuliko samaki wa chumvi. Mwenye kumeza dawa ya kuzuia damu isigande asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula. Ale kiasi kilekile kila juma, na damu yake ipimwe kwa tarehe aliyopangiwa.

Tumbaku iachwe kabisa. Mairungi huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, basi hayamfai. Kuhusu pombe, ikiwa ni waragi au ile ya ulezi inywewayo kwa mirija kutoka chungu kimoja, daktari aulizwe waziwazi, na marafiki wa kilabuni wasimbembeleze.

Lipo pia swali ambalo wengi huona haya kuliuliza, nalo ni la unyumba. Wanandoa wengi hulala kila mmoja upande wake kwa miezi, kila mmoja akiogopa na hakuna anayesema. Kwa kawaida mtu awezaye kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa kifua wala kuishiwa pumzi anaweza kuurudia unyumba. Mume na mke waende pamoja wakamwulize daktari. Dawa za nguvu za kiume zisinunuliwe vichochoroni. Zikikutana mwilini na vidonge vya naitreti, wanavyopewa wenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu huweza kushuka kiasi cha kuua.

Haya yote ni vivyo hivyo kama aliyeanguka ni mama, awe askari polisi au mke wa askari. Mumewe asimnyang'anye jiko lake lote. Ambebee mtungi wa maji, kisha amwulize kama angependa kukoroga mchuzi.

Yasiyongoja kuulizwa

Yako mambo mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza ni dawa. Vidonge vya moyo havikatizwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Baadhi yake vikiachwa ghafla moyo huenda mbio kwa hatari. Vikibaki vya juma moja, safari ya hospitali ipangwe. Jinja na Mbale kila mji una hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini Kampala iko karibu kilomita 80 kutoka Jinja na zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbale. Nauli ya safari hizo iwekwe kando siku ya mshahara, kabla ya matumizi mengine.

Aidha, aliyepona ataje habari za moyo wake kabla ya kupokea dawa yoyote ya duka au ya zahanati. Baadhi ya dawa za malaria, kama kwinini, na baadhi ya viuavijasumu huweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa watu wengine. Maana yake si kwamba malaria isitibiwe, la hasha. Maana yake ni kwamba mtabibu ajue apate kuchagua. Karatasi ya hospitali ikunjwe, itiwe katika mfuko wa plastiki, iwe mfukoni siku zote.

Jambo la pili ni kuanguka tena. Hapo haulizwi mtu. Yeyote aliyepo apige kelele ya kuomba msaada na gari, aweke kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, anyooshe mikono, akandamize kwa nguvu mpaka kifua kibonyee angalau sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala asiache mpaka msaada ufike. Kila nyumba yenye mtu wa namna hii iwe na watu wawili wanaojua kufanya hivyo, akiwemo kijana mmoja. Mke aliyejifunza hulala usingizi mzuri zaidi kuliko aliyeambiwa tu asiwe na wasiwasi.

Mtambo wa kifuani

Baadhi ya waliopona hutiwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mtambo mdogo unaolinda mapigo na kuushtua moyo ukivurugika. Wa kwanza ulipandikizwa Baltimore mwaka 1980. Si kila mgonjwa anauhitaji, wala si kila anayeuhitaji anaupata, kwa kuwa bei yake ni kubwa. Aliye nao asinyanyue mkono wa upande ule juu ya bega kwa majuma ya mwanzo aliyoelekezwa. Simu isiwekwe katika mfuko wa shati juu ya mtambo. Iwe mbali nao kwa angalau sentimita 15. Langoni penye chombo cha kukagulia vyuma apite bila kusimama, na chombo cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua chake. Kazi ya kuchomelea vyuma asiifanye bila idhini ya daktari. Kitako cha bunduki kisiegemezwe upande ule, kwani teke lake laweza kuharibu nyaya za mtambo. Mambo hayo mkuu wake hana budi kuyajua.

Je, atarudi kazini?

Hilo ndilo swali linalomkosesha koplo usingizi. Wanamichezo wawili wanaojulikana wanaweza kulitolea mwanga. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani jijini London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 pasipo kupiga wenyewe. Alipona, lakini Agosti mwaka uleule aliacha mpira kwa ushauri wa madaktari. Akasomea uandishi wa habari za michezo, akahitimu mwaka 2015. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alitiwa mtambo. Ligi ya Italia alikokuwa akicheza haikumruhusu kucheza nao, akaenda Uingereza, akaingia tena uwanjani Februari 2022, na mwishoni mwa mwaka huo alicheza Kombe la Dunia nchini Qatar.

Mmoja alirudi katika kazi yake, mwingine alipata kazi nyingine. Hakuna kati yao aliyeshindwa. Kila mmoja alipimwa kwa hali ya moyo wake, na hakupimwa kwa ushujaa wake. Vivyo hivyo askari. Huenda akarudi kwenye lindo, na huenda akafaa zaidi bohari, ofisi ya karatasi, au kufundisha makuruta darasani. Asifiche ugonjwa kwa kuogopa kupoteza nafasi. Dereva anayeficha huhatarisha gari zima, na mwenye silaha anayeficha huhatarisha kikosi. Lakini wakubwa nao wana wajibu. Askari akiogopa kwamba neno moja la kweli litamtoa nyumbani na watoto wake, atanyamaza. Mkuu anayemwita na kumwuliza, "Ndugu, daktari amesema nini, nawe waweza kazi gani?" huokoa mtu na kikosi pamoja. Kabla ya kurudi zamu, pikipiki na usukani viachwe mpaka daktari atoe idhini.

Mbale au Jinja?

Yabaki mashauri ya wazee. Hewa ya Mbale ni nzuri, na kukaa na ndugu ni faraja. Lakini nyumba iliyo juu kileleni, ambako gari halifiki wakati wa mvua, haimfai mtu wa miezi ya mwanzo. Mjini Mbale au mjini Jinja, karibu na hospitali, ni salama zaidi. Kupanda kwenda kwa ukoo kwaweza kungoja.

Tena katika nchi ya Wagisu, miaka ya shufwa ni miaka ya tohara ya imbalu. Mwana akifika umri wake, baba hutazamiwa kuwa pamoja naye, katika ngoma na mbio za kuzunguka vilimani kwa jamaa. Aliyepona hapaswi kukimbia mbio hizo. Baba mdogo aweza kukimbia kwa niaba yake, naye aketi uani na kumngoja mwanawe pale asimamapo kwa kisu. Hakuna desturi inayovunjika, mradi mambo hayo yapangwe mapema, na kijana aelezwe na baba mwenyewe.

Basi wazee wanapokutana kuamua, mwenye moyo asiachwe chumbani kama mzigo unaojadiliwa na wapagazi. Kiti chake kiwekwe barazani. Mkewe aketi kando yake, maana kumbukumbu ya siku ile iko kwake. Karatasi ya daktari isomwe kwanza, ili mipaka ijulikane. Kisha wote wanyamaze, na yeye aulizwe kwanza.